Akrofobia: Kuogopa Kimo au Kuogopa Kuwa Juu?

"Mama, mutoto yangu akipanda yulu, kichwa inamuzunguluka."

Hivyo ndivyo mama wa Pweto, Kongo, angemwambia muuguzi pale Kenani, wilayani Nchelenge, Zambia, kilipowekwa kituo cha mpito cha wakimbizi waliovuka kutoka Kongo kuanzia mwaka 2017, kabla ya kuhamishiwa Mantapala. Muuguzi ni Mzambia. Lugha zake ni Kibemba na Kiingereza. Katikati yao yupo mkalimani. Mkalimani akisema tu kwamba mtoto ana kizunguzungu, mtoto atachomwa kidole apimwe malaria, na muuguzi hatakuwa amekosea, kwa sababu Nchelenge ni mojawapo ya wilaya za Zambia zilizolemewa zaidi na ugonjwa huo. Kipimo kikitoka safi, yatafuata maswali ya chakula, ya damu, ya masikio. Lile neno "yulu", ambalo ndilo lililobeba habari yote, limeachwa njiani.

Kitaalamu anachokisema mama huyu huenda ni akrofobia. Jina hilo ni kazi ya daktari wa Kiitaliano wa karne ya 19, Andrea Verga, ambaye mwenyewe alikuwa na hofu hiyo. Aliunga maneno mawili ya Kigiriki: akron, yaani ncha au kilele, na phobos, hofu. Waswahili tulipoipokea tukaanza kuifasiri kila mtu kivyake: woga wa urefu, hofu ya kimo, hofu ya mahali pa juu.

"Woga wa urefu" naukataa bila kusita. Urefu ni wa kamba, wa safari, wa hotuba ya mgeni rasmi. "Hofu ya kimo" ina sura nzuri zaidi, na ingependeza kwenye kamusi, ila kimo ni sifa ya kitu: kimo cha mchikichi, kimo cha kijana aliyebalehe. Mwenye hofu hii anaweza kukaa chini ya mchikichi mrefu kuliko yote kijijini akala ugali wake kwa amani. Mwambie aupande, ndipo utakapomjua.

Wala tusikimbilie "mwinuko". Ziwa Mweru, ambalo Nchelenge iko ufukweni mwake, liko takriban mita 917 juu ya usawa wa bahari. Jengo la Burj Khalifa la Dubai, refu kuliko yote duniani, lina mita 828. Maana yake ni kwamba mwanamke anayeanika dagaa wa chisense mchangani Nchelenge yuko juu kuliko ncha ya jengo lile, na hana habari. Anachokiogopa pale ufukweni ni mamba. Mwili hauhesabu mita kutoka baharini. Unahesabu nafasi tupu iliyoanzia kwenye nyayo. Ndiyo maana nadhani watu wa kawaida wamewatangulia wataalamu wanaposema "anaogopa juu". Istilahi ningeifuata hapo hapo: hofu ya kuwa juu. Ni ndefu kidogo, lakini inamweka mtu mahali pake.

Sasa kile kichwa kuzunguka. Mtu aliyesimama hatulii kamwe; mwili huyumba kidogo kila wakati, na macho husaidia kuurekebisha kwa kupima mwendo huo dhidi ya vitu vya karibu, ukuta au shina la mti. Simama kwenye ukingo wa maporomoko ya Lumangwe, ambako mto Kalungwishi unaanguka zaidi ya mita 30 kabla ya kuendelea na safari yake kuja Mweru, na mbele yako hakuna kitu cha karibu. Kuyumba kule kule sasa hakuonekani, macho hayana cha kuripoti, na mwili unayumba zaidi kabla ya kujikamata. Daktari wa neva wa Kijerumani Thomas Brandt na wenzake walilieleza jambo hili miaka ya 1980, na baadaye uchunguzi wao ukaonyesha kwamba takriban asilimia 28 ya watu wazima wamewahi kusumbuliwa na mahali pa juu kwa kiwango fulani. Huko kutetereka si ugonjwa. Akrofobia huanza hofu inapomnyima mtu maisha: fundi anaacha kazi ya kuezeka, mwanafunzi anakataa chumba cha ghorofani, msafiri anazunguka kilomita nyingi kuliepuka daraja.

Kifaransa, ambacho wengi wa wakimbizi hawa walisomea, kimetia vyote kwenye kapu moja: vertige ni kizunguzungu, na vertige ni kuogopa juu. Waingereza na Wamarekani nao hawana la kutucheka. Filamu ya Hitchcock ya mwaka 1958 inaitwa Vertigo ilhali shujaa wake anasumbuliwa na akrofobia. Sisi tunayo maneno ya kutosha kutenganisha. Kizunguzungu, au kisunzi, kibaki cha kichwa kuzunguka. Hofu iitwe hofu.

Kuna upande wa pili, wa wanaolipa ili waogope. Kwenye daraja la Victoria Falls, lililofunguliwa mwaka 1905 juu ya mto Zambezi, watalii hufungwa kamba miguuni na kujirusha mita 111. Wenzao wanapiga picha na kupiga kelele. Wanaofanya hivyo kwa Kiingereza huitwa daredevil, jina lenye uthubutu ndani yake na shetani pia, na wafasiri wetu mara nyingi huwaita "majasiri". Mimi ningewaita wajuba. Jasiri anasifiwa tu. Mjuba anasifiwa huku anakemewa, na ndivyo umati unavyomtazama mtu aliye juu ya waya.

Na tusimchanganye mjuba na mkwezi. Anayepanda mchikichi kwa ukanda uliozungushwa kiunoni na kwenye shina yuko juu kwa sababu chikichi ziko juu. Hakuna anayemshangilia. Akishuka anapimiwa mawese.

Ubongo wa mjuba nao umepigwa picha. Alex Honnold, Mmarekani aliyeupanda mwamba wa El Capitan bila kamba Juni 2017, aliwahi kuingizwa kwenye mashine na kuonyeshwa picha za kutisha. Ile sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hofu karibu haikushtuka. Lakini yeye mwenyewe husisitiza mazoezi ya miaka, kila kishikio kikirudiwa mpaka kikakaa mkononi. Namwamini. Hata mkwezi hakuzaliwa juu.

Kinachonishangaza zaidi ni msukumo wa ghafla wa kujirusha unaowapata watu wasio na nia yoyote ya kufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwauliza wanafunzi mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya wale ambao hawakuwahi kufikiria kujiua walisema wameuhisi. Maelezo waliyopendekeza ni haya: mwili unakuvuta nyuma haraka kwa usalama, akili inachelewa kufika, inakuta umeshtuka na huku sakafu ni imara, kisha inahitimisha kwamba lazima ulitaka kuruka. Akili nayo ni mkalimani, na hukosea tafsiri.

Tiba inayoaminika zaidi ni kuzoezwa hatua kwa hatua. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alijitibu hivyo miaka ya 1770 kwa kuupanda tena na tena mnara wa kanisa kuu la Strasbourg mpaka hofu ikachoka. Kwa mtoto wa Kenani, mwembe unatosha: tawi la kwanza leo, la pili wiki ijayo, mkubwa akiwa chini yake.

Lakini kwanza lazima ijulikane ni hofu na si homa. Mkalimani anaweza kuliweka kando neno la kitaalamu na kumgeukia mama kwa Kiswahili chake:

"Na wakati iko chini, kichwa inamuzungulukaka?"

"Chini? Hapana, papa. Chini iko muzima kabisa."