Tembo wa Felti wa Giengen

Felti ni kitambaa kisichofumwa. Hutengenezwa kwa sufu ya kondoo inayoloweshwa maji ya moto yenye sabuni, kisha ikasuguliwa na kukandamizwa mpaka nyuzi zishikane zenyewe. Ukingo wake ukikatwa haufumuki, kwa hiyo hauhitaji kukunjwa pindo. Ndiyo maana washonaji wa zawadi ndogo wameipenda tangu zamani: sindano, uzi na mkasi vinatosha, na hata kipande cha ukubwa wa kiganja kina kazi yake.

Zawadi moja ya aina hiyo ilianzisha biashara nzima huko Giengen, mji mdogo ulio kando ya mto Brenz, kusini mwa Ujerumani. Margarete Steiff alizaliwa hapo tarehe 24 Julai 1847. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alipatwa na polio. Miguu yake ikapooza na mkono wa kulia ukabaki dhaifu. Hata hivyo alisomea ushoni, akashikilia mpaka akawa fundi anayetegemewa. Alipopata cherehani alikutana na kikwazo kingine. Gurudumu la cherehani hukaa kulia, na mkono wake huo haukuwa na nguvu ya kulizungusha. Akaigeuza mashine nyuma mbele, akawa analizungusha kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1877 alifungua duka la nguo za felti, na sketi za ndani alizoshona zilipata wateja.

Mnamo Desemba 1879 gazeti la mitindo Die Modenwelt lilichapisha kielelezo cha tembo mdogo. Margarete alikifuata, akashona matembo wa felti wa kuchomekea pini na sindano, akawagawia jamaa na marafiki. Haikuwa zawadi ya fahari, lakini ilikuwa zawadi ya mtu anayejua mahitaji ya meza ya mshonaji.

Kumshona tembo wa namna hiyo ni kazi ya subira. Mbavu mbili hukatwa kwa kufuata kielelezo kimoja, kisha huunganishwa na kipande cha tumbo chenye upande wa ndani wa miguu. Bila kipande hicho mnyama hawezi kusimama. Mshono huachwa wazi mahali pamoja ili sufu iingizwe. Mkonga ndio unaosumbua, kwa kuwa ni mwembamba: sufu husukumwa kidogo kidogo kwa kijiti, na ikiharakishwa huacha mafundo. Masikio hushonwa mwishoni, hayajazwi kitu.

Akina mama waliopewa zawadi hiyo walimchomekea pini, lakini watoto wao wakamchukua tembo wakacheza naye. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Vitu vingi vya kuchezea vilivyouzwa madukani enzi hizo vilikuwa vya mti, bati au kauri, vigumu na vingine rahisi kuvunjika. Tembo wa sufu aliweza kukumbatiwa, kuangushwa na kulaliwa. Matembo wakaanza kuuzwa mwaka 1880, na kufikia 1886 walikuwa wamekwisha kuuzwa zaidi ya 5,000. Wanyama wengine wakafuata, na mwaka 1893 biashara ikasajiliwa rasmi kuwa kiwanda cha vitu vya felti vya kuchezea.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Richard, mtoto wa kaka yake Margarete, alijiunga na kazi mwaka 1897, na mwaka 1902 akabuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka, aliyeshonwa kwa kitambaa chenye manyoya ya mbuzi wa Angora. Kwenye maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1903 mnunuzi kutoka Marekani aliagiza dubu 3,000. Mwaka 1907 pekee walitengenezwa dubu 974,000. Felti ikapoteza nafasi yake ya kwanza. Kwa dubu ilibaki kwenye nyayo tu. Bidhaa za kuigiza zilipozidi, mwaka 1904 kiwanda kilianza kutia kifungo cha chuma katika sikio la kila mnyama, na vifungo vya mwanzo vilichorwa tembo.

Margarete alifariki tarehe 9 Mei 1909. Mashine zilikuwa zimechukua sehemu kubwa ya ushonaji, lakini tundu la kujazia liliendelea kufungwa kwa sindano ya mkono, kwa sababu mnyama akishajazwa hawezi tena kupita chini ya cherehani.