Askari Mwisho Mlangoni

Picha ile pengine umeshaiona. Binti mweusi wa miaka 15, miwani ya jua, daftari mkononi, na nyuma yake wazungu wanamzomea. Ni Elizabeth Eckford, Septemba 4, 1957, mjini Little Rock, Marekani. Vitabu vinaipenda sana picha hiyo. Mimi nasema ya nje yalikuwa nafuu.

Mahakama Kuu ilishapiga marufuku tangu 1954 kutenga shule kwa rangi. Gavana Faubus akagoma, akaweka askari wake kuwazuia watoto. Rais Eisenhower naye akashusha wanajeshi zaidi ya 1,000, na Septemba 25 watoto 9 weusi wakaingia Central High. Kila mmoja na mlinzi wake mwenye silaha. Mambo yameisha, sivyo? Wapi bwana!

Mlinzi alitembea kwenye korido tu. Darasani haruhusiwi, chooni haruhusiwi, kwenye mabafu ya michezo ndiyo kabisa. Wababe wakaisoma ramani hiyo haraka kuliko masomo yao. Mateke kwenye ngazi, mate, vitabu kumwagwa. Ukienda kushtaki, unaulizwa: mtu mzima gani ameona? Na walimu wengi, jamani, walikuwa hodari wa kutoona.

Shule ilikuwa na wanafunzi karibu 2,000. Wachokozi hawakuwa wengi hata kidogo. Waliobaki walinyamaza, maana aliyethubutu kumsemesha mweusi naye aliandamwa.

Wale 9 walishaonywa wasijibu. Minnijean Brown alivumilia hadi Desemba. Siku hiyo kantini, wavulana wakamsukumia viti njiani huku kabeba sinia. Bakuli la maharage na nyama likaishia vichwani mwao. Wapishi, weusi watupu, wakapiga makofi. Aliyesimamishwa masomo ni nani? Minnijean. Februari 1958 alimjibu msichana aliyekuwa akimwandama, akafukuzwa moja kwa moja. Wenzake wazungu wakasambaza vikadi vya kushangilia: mmoja chini, bado 8.

Mei 1958 Ernest Green akawa mweusi wa kwanza kuhitimu pale. Kila jina lilipotajwa, makofi. Lilipotajwa lake, uwanja mzima kimya. Akapanda, akachukua cheti chake, akashuka.