Adui wa Gitaa Ni Saa ya Studio

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa pili chuoni nilichukua karo ya muhula nikalipia studio. Ni studio fulani hapa Nairobi, inalipisha kwa saa. Nilikuwa na nyimbo mbili na gitaa la umeme la kuazima. Solo nikakosea mara ya kwanza, ya pili, ya sita, na kila nikikosea producer anaangalia saa ukutani. Nilitoka na nyimbo ambazo hata mimi sizisikilizi. Muhula uliofuata sikurudi darasani. Mathe hajui hadithi yote. Pengine ataijulia hapa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya watu waliorekodi gitaa nyumbani. Wasee, kila mtu huisimulia kama historia ya vifaa. Mimi naiona kama historia ya watu waliokimbia ile saa.

Anza na Les Paul, yule jina lake liko kwa gitaa za Gibson. Miaka ya 1940 alijenga studio ndani ya gereji ya nyumba yake, Hollywood. Alikuwa anarekodi kwa sahani. Anapiga sehemu ya kwanza, sindano inaichora. Halafu anaicheza hiyo sahani huku akipiga sehemu ya pili, na zote zinaingia kwa sahani mpya. Akikosea, anarudia. Hivyo ndivyo "Lover" ilitoka 1948, magitaa kibao, na mpigaji ni mmoja. Sasa fikiria ukirudia hivyo kwa studio ya kulipia kila saa. Ungeuza hadi viatu.

Na gitaa la umeme lina siri moja ya kusaidia mtu wa keja ndogo. Nyuzi zinatetema juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na hapo ndipo umeme mdogo unazaliwa. Yaani sauti ni umeme tayari kabla ifike hewani. Ukichomeka waya moja kwa moja kwa mashine, huhitaji maiki wala chumba kizuri. Mtoto wa jirani alie usiku kucha, haingii kwa rekodi.

Shida ni kwamba sauti ya waya peke yake inatoka kavu. Spika ya gitaa huwa inapunguza yale makali ya juu. Bila hiyo spika, ukiongeza distoshoni, unasikia nyuki ndani ya mkebe. Aliyesaidia sana hapa ni Tom Scholz, injinia wa Polaroid aliyekuwa akitoka kazini anaingia chini ya nyumba yake kurekodi. Sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya bendi yake, Boston, ilitoka huko. Ilitoka 1976 na imeuza zaidi ya nakala milioni 17 Marekani pekee. Mwaka wa 1982 akaleta Rockman, kasanduku ka kuning'iniza kiunoni: unachomeka gitaa, unavaa hedifoni, unasikia kama uko mbele ya amplifaya kubwa. Miaka mitatu kabla, 1979, TEAC walikuwa wametoa Portastudio, mashine ya traki 4 inayotumia kaseti ya kawaida. Ukiwa na hivyo viwili, chumba cha kulala kinakuwa studio.

Lakini tusidanganyane. Les Paul alikuwa staa tayari. Scholz alikuwa na digrii mbili za MIT na mshahara kila mwezi. Hawa si watu waliokopa unga dukani. Tukisema "walianzia nyumbani" tukanyamazia hiyo, tunawauzia vijana ndoto nusu.

Ndiyo maana nampenda Steve Lacy. Kijana wa Compton, akiwa bado high school, alikuwa anarekodi kwa iPhone akitumia GarageBand na kale kakifaa kadogo ka kuunganisha gitaa kwa simu. Alishiriki kutengeneza "PRIDE." ya Kendrick Lamar, iliyo kwa albamu DAMN. ya 2017. Simu ndiyo hiyo mko nayo mkononi, ama ndugu yake. Kitu alichokuwa nacho kwa wingi ni muda.

Mimi sasa nina intafesi ndogo ya mtumba, shilingi 3,500, yenye tundu la gitaa. Usichomeke kwa tundu la maiki, sauti itafifia. Hedifoni zangu ni za waya, kwa sababu za bluetooth zinachelewesha sauti na utapiga nje ya mdundo. Amplifaya ni programu ya bure. Na saa za nyumbani pia zinalipiwa, ni vile tu bili inakuja mwisho wa mwezi na landlady ndiye anabisha.

Juzi nilirudia solo ile ile mara 41. Stima ilipotea mara mbili. Hakuna mtu aliyeangalia ukuta. Ya 41 ndiyo nitawawekea Ijumaa, na kuna noti moja bado inanikera, lakini hii naisikiliza.

Mathe, kama umesoma hadi hapa, usipige simu kwanza. Nitapiga mimi.