Degedege kwa mtoto: dalili na chanzo chake

Vijijini kwetu bado wapo wanaosema degedege ni ndege mbaya au shetani. Kwa sababu hiyo mtoto huanzia kwa mganga, na hospitali hufika amechelewa.

Dalili: mtoto mwenye homa hukakamaa, macho hugeuka juu, mikono na miguu hutikisika, na huenda akapoteza fahamu. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5.

Chanzo: mara nyingi ni homa kali. Penye mbu wengi, tuishuku kwanza malaria, inayoenezwa na mbu jike wa anofelesi, ambaye huuma usiku. Homa ya uti wa mgongo nayo huleta degedege.

Tufanye nini? Tumlaze mtoto ubavu na kumlegeza nguo. Tusimtie kijiko, maji wala dawa mdomoni, na tusimfukize. Kisha tumpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama degedege imekoma, apimwe damu. Malaria isiyotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kuua.

Kinga ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata kiangazi.