Mtoki na Hitilafu ya Matabibu

Miongoni mwa masuala yaliyowagawanya wapasuaji wa karne ya 20, ni machache yaliyokuwa na uzito wa suala hili: mtu aliyekwisha kuondolewa saratani ya uume, na ambaye kinena chake kikipapaswa hakionyeshi uvimbe wowote, je, akatwe tezi za kinenani kwa hadhari tu, au aachwe chini ya uangalizi hadi mtoki udhihiri?

Kila upande ulikuwa na hoja. Maradhi haya, kabla ya kuenea mwilini, aghalabu hupitia kwanza tezi za kinena. Na katika kila wagonjwa watano wasio na uvimbe, mmoja hivi huwa amekwisha kubeba chembe za saratani ambazo mkono hauwezi kuzihisi. Lakini wanne waliosalia wangepasuliwa bure, na upasuaji huo haukuwa wa masihara: ngozi ya kinena iliweza kufa, jeraha likatunga usaha, na mguu ukavimba mfano wa matende umri mzima. Hata mtoki wenyewe haukuwa shahidi wa kutegemewa, kwani mara nyingi ulitokana na uambukizo wa kidonda, si saratani. Ndipo ikawa ada kumpa mgonjwa antibiotiki kwa majuma kadhaa kabla ya kukata shauri. Basi wengi wakasubiri, wakiamini kuwa kusubiri ndiko huruma.

Mwaka 1977 Ramón Cabanas, tabibu wa Paraguay, alileta rai mpya. Kwa kuipiga eksrei mishipa ya limfu ya uume iliyotiwa dawa, alibaini kwamba majimaji yake hufikia kwanza tezi moja iliyo kama mlinzi wa lango, naye akahukumu kwamba hiyo ikiwa safi, zilizo nyuma yake zi salama. Rai ilikuwa njema, ila aliitafuta tezi hiyo mahali pamoja kwa watu wote, ilhali maumbile hutofautiana. Kwa hiyo baadhi ya waliotangaziwa salama walirejea na mtoki.

Dawa ya kasoro hiyo ilitoka katika saratani ya ngozi, pale Donald Morton na wenziwe wa Marekani walipoeleza, mwaka 1992, jinsi rangi ya buluu inavyoweza kuonyesha tezi ya mlinzi ya kila mgonjwa mahali pake halisi. Tangu mwaka 1994 wapasuaji wa Amsterdam waliitumia njia hiyo, pamoja na dawa yenye mnururisho, kwa saratani ya uume. Na mwaka 2005 walilinganisha wagonjwa 40 ambao saratani ilikuwa imefika kinenani. Katika waliokatwa tezi mapema, asilimia 84 walinusurika na maradhi haya kwa miaka mitatu. Katika waliongojewa hadi mtoki ukavimba, asilimia 35 tu.

Ingawa idadi ile ilikuwa ndogo, tofauti yake yatosha kutuzindua. Pale ambapo saratani imekwisha kuzama ndani ya uume, kuungoja mtoki hakustahili tena kuitwa huruma. Huruma ni kuichunguza tezi mapema, ili kisu kimfikie anayekihitaji na kimwepuke asiyekihitaji.