Mlo wa Daktari na Cheti cha Mgonjwa

Aliyewahi kukaa foleni kwenye kliniki huenda amemwona: kijana nadhifu, mkoba begani, si mgonjwa, naye anapita kuingia kwa daktari. Huyo ni wakala wa kampuni ya dawa. Kazi yake ni kueleza sifa za dawa anayoiuza, kuacha sampuli za bure na kalamu zenye jina lake, na pengine kumwalika daktari chakula.

Je, chakula chaweza kubadilisha anachoandika daktari? Wengi wao hukana, tena kwa moyo safi. Marekani jambo hili lilipimwa. Sheria ya mwaka 2010 ililazimisha kampuni kutangaza sehemu kubwa ya kile zinachowapa madaktari, na watafiti wakalinganisha orodha hiyo na dawa zilizoandikwa chini ya Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee. Matokeo yalitoka 2016 katika jarida la JAMA Internal Medicine. Zawadi 63,524 zilihusu dawa nne za bei ya juu: mbili za presha, moja ya kolestroli na moja ya sonona. Asilimia 95 ya zawadi hizo zilikuwa chakula, na kwa wastani hakikufika dola 20. Daktari aliyekula hata mara moja aliandika dawa hiyo zaidi ya mwenzake ambaye hakula. Aliyekula mara nyingi akazidi.

Utafiti huo hauthibitishi kwamba chakula ndicho kilichosababisha. Yamkini aliyekwisha kuipenda dawa ndiye aliyeitikia mwaliko. Lakini wafanyabiashara hawana desturi ya kulisha watu bure mwaka nenda mwaka rudi.

Sampuli nazo zina hesabu yake. Kwa kawaida huwa ni ya dawa mpya, ya ghali. Mgonjwa wa presha huianza bure, ikamkubali, kisha akirudi hununua kwa bei ya duka, na presha ni dawa ya kila siku.

Hapa kwetu pia dawa huwa na majina mawili. Panadol ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli, na kampuni nyingi huitengeneza. Kwa hivyo ukipewa cheti, uliza: "Daktari, dawa yenyewe yaitwaje, na iko ya bei nafuu iliyo sawa nayo?" Muulize kabla hujatoka chumbani, wala usijibadilishie mwenyewe dukani, hasa dawa za kifafa.