Mshiko wa Tatu

Katika mwaka 1956 wimbo wa Lonnie Donegan uitwao Rock Island Line ulienea Uingereza, ukawaonyesha vijana kwamba muziki si mali ya matajiri peke yao. Muziki wa namna hiyo, ulioitwa skifoli, ulitaka gitaa kavu, ubao wa kufulia nguo, na kasha la majani ya chai lililotiwa ufito na uzi mmoja. Miongoni mwa vijana wengi walioitikia mwito huo alikuwamo John Lennon wa Liverpool, aliyezaliwa mwaka 1940.

Lennon alilelewa na mama yake mkubwa, Mimi Smith. Walakini mwalimu wake wa muziki alikuwa mama yake mzazi, Julia. Julia alijua banjo, hakujua gitaa. Alimpa mwanawe elimu aliyokuwa nayo: gitaa lina nyuzi sita, naye akatumia nne, kwa mishiko ya banjo. Mshiko ni namna ya kupanga vidole juu ya nyuzi ili sauti kadhaa zilie pamoja. Mkono wa pili hupiga nyuzi kwa kipimo, chini na juu, ukauchukua wimbo kama kasia lichukuavyo mtumbwi. Lennon mwenyewe alisema kuwa wimbo wa kwanza wa roki aliojifunza ni Ain't That a Shame wa Fats Domino, na kwamba mama yake alimfundisha kwa banjo.

Gitaa lake la awali lilikuwa Gallotone Champion, kazi ya Afrika ya Kusini. Jina hilo si geni kwa Waswahili: santuri za Gallotone ndizo zilizoeneza gitaa la Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili.

Tarehe 6 Julai 1957, katika sherehe ya kanisa la St Peter's, Woolton, Lennon alikutana na Paul McCartney, kijana wa miaka 15 aliyefiwa na mama yake mwaka uliotangulia. McCartney alimpigia Twenty Flight Rock wa Eddie Cochran. Tena alijua kupatanisha sauti za nyuzi za gitaa, jambo ambalo Lennon hakulijua. Hapo palikuwa na mtihani. Kundi lilikuwa la Lennon. Kumkaribisha aliyemzidi ni kupunguza ukubwa wake mwenyewe, na kumwacha ni kudhoofisha kundi. Lennon alichagua kundi.

Hata hivyo elimu yao ilikuwa na pengo. Nyimbo nyingi za roki katika ufunguo wa E hutaka mishiko mitatu: E, A na B7. Miwili waliijua, wa tatu hawakuujua. McCartney amesimulia kwamba walisikia habari za mtu aliyeujua, wakapanda basi kuvuka mji, wakamwendea, wakaonyeshwa, wakarudi nao.

Tarehe 15 Julai 1958 Julia aligongwa na motokaa akafa. Hakuona mwisho wa kazi aliyoianza. Lakini mwalimu mwenye nyuzi nne alikuwa amekwisha fanya lililo gumu kuliko yote: alimfanya mwanafunzi atamani kutafuta mbili zilizobaki. Mwaka 1975 Lennon alitoa mkusanyo wa nyimbo za ujana wake, na Ain't That a Shame ulikuwamo.